Imbwa wa Kongo katika filimu ya Wamarekani: nani anajua kumpima?

Wiki hizi nimeangalia mara mbili filimu ya zamani inayoitwa Goodbye, My Lady. Ni ya mwaka 1956, ya rangi nyeusi na nyeupe. William Wellman ndiye aliyeiongoza, na imetoka katika riwaya ya James Street ya 1954. Najua wengine watauliza: filimu ya enzi za babu zetu inatuhusu nini sisi wa Uvira? Inatuhusu juu anayebeba filimu nzima ni imbwa, na imbwa huyo asili yake ni huku kwetu. Ni basenji, ukoo wa imbwa wadogo wa kuwinda ambao Wazungu waliwatoa Kongo na sehemu za Sudani ya kusini, wakawaandikia vitabu, leo wanauzwa kwa pesa nyingi Ulaya na Marekani.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Katika mabwawa ya Mississippi, kijana yatima anayeitwa Skeeter anaishi na mjomba wake Jesse, mzee maskini asiye na meno. Wanasikia mnyama analia porini kama mtu anayecheka. Kumbe ni imbwa jike asiyebweka, anajisafisha mwili kama paka na anakimbia kama upepo. Kijana anamfuga, anamwita Lady, anamfundisha kuwinda ndege. Pua yake inawashinda imbwa wote wa pale, sifa zinaenea. Halafu inajulikana kwamba Lady ana mwenyewe, na mwenyewe anamtafuta. Skeeter anapaswa kuamua: kumficha ao kumrudisha. Sidney Poitier yumo pia, bado kijana, anacheza Gates, jirani mweusi aliyesoma.

Nianze na haki ya filimu hii. Inaheshimu kazi. Lady hasifiwi kwa sababu mkia wake umejikunja vizuri ao paji lake lina mikunjo. Watu wa pale wanamsifu baada ya kumuona akifanya kazi mbele ya macho yao. Mafunzo nayo hayaonyeshwi kama uchawi. Kijana anarudia jambo moja, anakatalia lingine, anasifu, anarudia tena. Nayo ile sehemu ambapo mjomba anakataa kuamua kwa niaba ya kijana, anamwacha abebe mzigo wake mwenyewe, ni nzuri kabisa. Mtu aliyewahi kufuga imbwa wa kuwinda ataamini kila dakika yake.

Lakini filimu inavunja sheria yake yenyewe, na hapo ndipo ninapogombana nayo. Inasema imbwa apimwe kwa kazi. Sawa. Kazi gani?

Huko Ituri kwa Wambuti, na kaskazini kwa Waazande, imbwa wa namna hii anafungwa kengele ya mti. Kengele hiyo iko na sababu: imbwa habweki, basi mwindaji anajua alipo kwa kusikia mlio wake. Kazi yake ni kuingia majanini, kumwamsha mnyama, kumkimbiza hadi kwenye nyavu ambako watu wanangoja. Anatumia macho na pua pamoja, na anaamua mwenyewe njia ya kupita. Wakongo wa upande wa Bahari ya Atlantiki nao walichonga kengele hizo, wakaziita dibu, na leo ziko katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo.

Filimu inamchukua imbwa wa kazi hiyo na kumpa mtihani wa imbwa wa Kizungu wa bunduki: asikie harufu ya ndege, asimame kama sanamu, angoje bwana wake apige. Tamaa yake ya kukimbiza kila kinachosogea, ambayo ndiyo elimu aliyorithi, inahesabiwa kosa la kusahihishwa. Ni kama kumchukua mvuvi wa Kalundu, kumpa mtihani wa kuendesha pikipiki, halafu akifaulu watu wanapiga makofi: jamani, ana akili! Bila shaka ana akili. Ila hakuna aliyemuuliza juu ya ziwa. Dakika zote zile hatumuoni Lady hata mara moja akifanya kazi yake ya asili mbele ya mtu anayeielewa.

Wanaojua kupima imbwa wanajua kwamba kila kipimo kina swali lake. Huko Uingereza kulikuwa na shindano la Waterloo Cup, lililoanza 1836 na kukoma 2005 wakati sheria ilipokataza kuwinda sungura kwa imbwa. Imbwa wawili wa mbio waliachiliwa nyuma ya sungura mmoja, na mwamuzi hakutoa alama kubwa kwa kuua. Alama zilikwenda kwa imbwa aliyemlazimisha sungura ageuke. Marekani leo wanakimbiza kitambaa kinachovutwa kwa kamba, na chama chao kimoja kinagawa alama 100 hivi: mbio 25, wepesi wa kugeuka 25, kustahimili 20, kufuata 15, hamu 15. Basenji anaruhusiwa kukimbia humo. Halafu kuna imbwa wa maskini wa Uingereza, anayeitwa lurcher: mtoto wa imbwa wa mbio na imbwa wa kazi nyingine, kama yule wa kuchunga kondoo. Huyo mwamuzi wake ilikuwa sufuria. Akileta sungura nyumbani bila kelele, ni imbwa mzuri. Asipoleta, uzuri wake ni wa bure.

Imbwa wa milima yetu yuko karibu na huyo wa sufuria. Wazee niliowasikia wakisemezana juu ya imbwa, huko juu ya mji na upande wa Fizi, hawaanzi na mbio. Wanauliza: simbiliki akigeuka ghafula kwenye majani, imbwa anageuka naye ao anapitiliza? Akikamata, anakula peke yake ao anangoja watu? Akipita katikati ya mbuzi za watu, anatulia? Akiitwa, anarudi? Akipoteza harufu, anaitafuta tena ao anakuja kukaa miguuni pako? Maswali hayo hayana alama wala karatasi, lakini ni mtihani kamili. Unapima mbio, akili, tabia na roho kwa mara moja. Tena unampima mwenye imbwa pia, vile methali inasema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Kama filimu ingempa mzee wa namna hiyo dakika tano tu, ingekuwa filimu nyingine.

Jambo la pili ambalo filimu inaliruka ni tumbo. Imbwa anakimbia, anafundishwa, anashinda, na hatujui hata kidogo anaishi kwa nguvu gani. Hapa lakini sisi wenyewe hatuwezi kujisifu sana. Kwetu wengi wanaamini kwamba imbwa akishiba hawindi, basi wanamshindisha njaa siku mbili ndipo wanapanda naye mlimani. Usemi huo una nusu ya ukweli. Ukimlisha imbwa sahani kubwa ya bugali saa moja kabla ya kukimbia, ni kweli atakuwa mzito, na tumbo linaweza kumletea shida mbaya. Dawa yake ni kumlisha vizuri jioni ya siku iliyotangulia, asubuhi akimbie mwepesi, akirudi apumzike, anywe maji, kisha ale.

Imbwa wa mbio anapaswa kuwa mkavu, hilo ni kweli pia. Mbavu za mwisho zikionekana kidogo, usiogope. Lakini angalia mapaja na mgongo. Kama mapaja ni magumu na yamejaa, huyo ni mwanamichezo. Kama mifupa ya kiuno na uti wa mgongo imetokeza na mapaja yameisha, huyo ana njaa ao ana minyoo, na mwili wake unakula misuli ile ile unayotaka akukimbilie. Bugali peke yake inampa moto wa muda mfupi. Misuli inataka protini, na safari ndefu inataka mafuta. Wanaoendesha imbwa wa kuvuta sleji kwenye barafu huwalisha chakula chenye mafuta mengi kwa sababu hiyo. Sisi wa kando ya Tanganyika tuko na bahati hapo: vichwa vya ndagala, matumbo ya samaki yaliyochemshwa, mafuta kidogo ya mawese juu ya bugali, chakula cha imbwa wa kazi kimeshapatikana bila kununua kitu cha dukani.

Mazoezi nayo si kumfungua siku ya kuwinda tu. Majuma kadhaa ya kutembea mlimani polepole yanakaza miguu na nyayo. Baadaye mbio fupi fupi, na siku za kupumzika katikati. Na yote yafanyike alfajiri. Imbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Ukimkimbiza saa sita za mchana katika tambarare ya Ruzizi unaweza kumuua bila kumgusa.

Nirudi kwenye filimu, kwa kosa ambalo linaniuma zaidi. Mwishoni thamani ya Lady haitoki tena katika kazi. Inatoka katika karatasi: ana jina la ukoo, ana mwenyewe anayetambulika. Ndivyo historia yenyewe ilivyokwenda. Basenji wa kwanza walionyeshwa Crufts, London, mwaka 1895, wakafa upesi kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wale walioletwa na Bibi Olivia Burn kutoka Kongo walionyeshwa tena huko. Kukaandikwa kanuni: dume awe na sentimeta 43, jike 40, mkia ujikunje, masikio yasimame. Kitabu kikafungwa, wakazalishana wachache kwa wachache. Baada ya miaka hamsini magonjwa ya damu na ya figo yalikuwa yamewachosha, na Wamarekani wakapanda ndege kurudi Zaire, 1987 na 1988, kutafuta imbwa wapya vijijini. Mwaka 1990 chama kikuu cha imbwa cha Marekani kikafungua kitabu chake ili kuwaandika. Yaani imbwa ambao hakuna mtu aliyewaandikia karatasi, waliochaguliwa na sufuria, njaa na chui, ndio walioitwa kuwaokoa wenye karatasi.

Sisemi imbwa anayelala sokoni Kavimvira ni basenji. Sina haki ya kusema hivyo. Lakini watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2009 juu ya damu za imbwa wa vijijini Afrika, wakiwemo wa Uganda, waliona basenji anakaa pamoja na imbwa hawa wa kienyeji. Wengine wenye majina makubwa ya Kiafrika, kama Pharaoh Hound, damu yao haikuonyesha asili hiyo. Jina linaweza kudanganya, damu na kazi hazidanganyi upesi.

Sasa sisi wenye diplome tunafanyaje? Tunamwita imbwa wa mlimani «bastari», tunapiga picha na berger allemand wa jirani ambaye joto la Uvira linamchosha kabla ya saa nne. Tunafanya kosa lile lile la filimu: tunampima wa kwetu kwa mtihani wa wengine. Wakati huo wazee wanaojua ule mtihani wa kwetu wanaondoka. Vita vya miaka mingi huko Hauts Plateaux vimewashusha wengi mlimani, bunduki imechukua nafasi ya kengele, na anayeshuka bila imbwa wake hana tena mahali pa kumfundishia kijana.

Sitaki mtu anisome vibaya. Kuna sheria ya uwindaji ya 1982 na ya kulinda viumbe ya 2014, na huko Itombwe kuna sokwe na gorila ambao imbwa wetu hana ruhusa hata ya kuwakaribia. Simbiliki anayemaliza mahindi na miwa ya watu bondeni ni habari nyingine. Tena imbwa yeyote wa kazi achanjwe kichaa kila mwaka, juu ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Ninachoomba ni kidogo. Wewe unayetafuta kichwa cha TFC katika agronomia ao veterineri: panda kwa mzee mmoja mwenye imbwa, beba mizani na kamba ya kupimia. Andika uzito, chakula, umri, na maswali anayomuuliza imbwa wake kabla ya kusema huyu anafaa. Muangalie filimu pia, ni nzuri, nimeisema vibaya kwa sababu nimeipenda. Lakini yule mzee anajua jambo ambalo Skeeter na mjomba wake hawakuwahi kulijua juu ya Lady, na mpaka leo hakuna aliyeliandika.