Wapiga Picha wa Kilimanjaro

Picha ya maharusi kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, huonekana rahisi: tabasamu, barafu, jua likichomoza. Aliyeipiga ametoka nao kambi ya Barafu usiku wa manane, betri akizikumbatia chini ya fulana, maana baridi huzimaliza upesi. Glavu nene hazibonyezi kamera. Anazivua, vidole vinakufa ganzi, anapiga, anavaa tena. Akiipulizia lenzi ili aifute, pumzi inaganda. Gauni la bibi harusi limefika kambini mgongoni mwa mpagazi, limefungwa plastiki lisilowane. Ninachokiheshimu zaidi ni jicho la mpiga picha kwa watu wenyewe: mmoja akianza kuyumba au kuropoka, kamera inarudi begini, wanashuka, hata kama hajapata picha hata moja.