Kurasa za Pombe

Ukimtaja Aniceti Kitereza darasani, mtu atakwambia: yule mzee aliyehifadhi mila za Wakerewe. Sifa hiyo inaniudhi kidogo. Mila hata wamisionari walizihifadhi. Kitereza aliandika riwaya, na aliifikia kwa njia ya kuzunguka sana.

Alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa. Akasoma misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, karibu miaka kumi ya Kilatini na falsafa. Hakuwa padri. Alimwoa Anna Katura, akafanya kazi Mwanza kwa mfanyabiashara wa Kiitaliano, akarudi Kagunguli kuitumikia misheni. Padri Almas Simard ndiye aliyemhimiza aandike habari za wazee. Riwaya aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, akikaribia miaka hamsini.

Miaka hiyo, huku kwetu ng'ambo ya ziwa, wanaume walikuwa wakichimba dhahabu Geita, na Williamson alishapata almasi Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Hakuna hata chembe ya hayo kitabuni. Wapo watakaosema mzee alizikimbia zama zake. Mimi naona alichagua jambo ambalo dhahabu haikulibadilisha: mke na mume wasio na mtoto.

Bugonoka anasimangwa na ndugu wa mumewe, wazazi wake wanamchukua. Myombekere haoi mwingine. Anakwenda ukweni kuomba, anatozwa pombe ya ndizi, na Kitereza anatuonyesha pombe hiyo ikitengenezwa hatua kwa hatua, kurasa baada ya kurasa. Wanafunzi wenzangu huziruka (nakala zetu ni za kutoa kopi, macho yanauma). Lakini kila hatua ya pombe ni siku nyingine ambayo Myombekere analala peke yake. Mtu aliyeandika vile anajua hesabu za duka, na anajua kungoja. Kitereza na Anna waliwazika watoto wao wote wangali wachanga.

Hapo ndipo mila inapogeuka riwaya. Anayehifadhi mila angetueleza faini ya ukweni ni nini. Kitereza anatufanya tuilipe.

Nina shangazi Geita aliyeitwa mgumba mpaka ndoa ikamshinda. Nilimsimulia safari ya Myombekere kwenda ukweni, kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. Akanikatiza: "Huyo mwanaume alikuwa mzima?" Akataka nirudie pale kwenye pombe.

Kitabu cha pili kina udhaifu. Watoto Ntulanalwo na Bulihwali wakishazaliwa, hadithi inalegea, na mara kadhaa mwalimu wa mila anamsukuma kando msimulizi. Sitetei hilo.

Kikerewe hakikupata mchapishaji. Uzeeni Kitereza aliitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakaichukua, ikachapwa China. Alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia. Miaka thelathini na sita tangu aweke kalamu chini.

Shangazi nilimwuliza kama niendelee na cha pili. Akasema hapana, hao wameshapata mtoto.