Magunia 90 Yasiyokuwepo

Msimu mmoja wa mbaazi, kwenye ghala moja la Nangara, hapa Babati, niliandika programu ndogo ya kuhesabu magunia yanayopakiwa kwenye lori. Haikuwa na picha wala madoido: dirisha jeusi, herufi nyeupe, neno "Yamebaki" na namba mbele yake. Gunia likipanda, karani anabonyeza kitufe, namba inapungua palepale ilipo. Tulianza na 60, tukashuka vizuri hadi 10. Gunia lililofuata likapanda, na kioo kikaandika: Yamebaki 90.

Mpakiaji mmoja akalitazama lori, akanitazama mimi. "Fundi, haya mengine yametoka Singida?"

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la mkono. Nilitumia ile alama ya kurudi mwanzo wa mstari, ambayo tumeirithi kutoka kwenye taipureta: mpiga chapa akifika ukingoni husukuma wenzo, kigari kinarudi, karatasi inapanda. Kompyuta imezitenganisha kazi hizo mbili, ndiyo maana unaweza kurudi bila kushuka, ukaandika upya juu ya ulichoandika. Ila kurudi hakufuti. Tisa yangu ilifunika moja ya kumi, sifuri ikabaki imekaa kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Gunia jingine likapanda, yakawa 80. Dawa yake ni ndogo: itengee namba nafasi mbili, ikiwa na tarakimu moja itanguliwe na pengo.

Tangu siku hiyo nimewaheshimu mafundi wa kupanga maandishi kwenye dirisha jeusi. Huko hakuna picha ya kuficha uzembe. Herufi i hupewa chumba sawasawa na m, na kioo ni shamba lenye mistari na nafasi zinazohesabika. Teminali ya VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka 1978, ilikuwa na mistari 24 ya nafasi 80, na hizo 80 zenyewe ni urithi wa kadi za kutoboa za IBM za 1928. Hadi leo madirisha mengi meusi hufunguka kwa upana huohuo. Ili kukipeleka kijistari kinachopepesa hadi mstari wa 5, nafasi ya 10, unatuma alama ya Esc, mabano ya mraba yanayofungua, 5, nuktamkato, 10, kisha H kubwa. Sisi tuliojifunzia lugha ya Turbo Pascal tulizoea GotoXY(10, 5), nafasi kwanza ndipo mstari. Mtu anayehama kutoka huku kwenda kule huandika vitu vyake ubavuni kwa wiki nzima.

Ukitaka kuona ufundi huu bila kompyuta, toa risiti mfukoni. Printa nyingi za karatasi ya milimita 58 zina nafasi 32 tu kwa mstari. Andika "Kiasi kilicholipwa": nafasi 18 zimekwisha. Weka 1,250,000.00 upande wa kulia: 12 zimekwenda, zimebaki 2 za kupumulia. Akija mteja wa milioni mia moja, neno na fedha vinagandana. Kiswahili hakikuumbwa kwa karatasi nyembamba.

Lakini washairi wetu walishaumizwa na jambo hili zamani. Mtunzi wa tarbia kwa kawaida ana mizani 8 za ukwapi na 8 za utao katika kila mshororo, na neno lisipoenea hulikata kwa inkisari. Likipungua hulirefusha kwa mazida. Mwandishi wa programu naye ana inkisari yake, "Imelipwa", nafasi 8 tu, na mazida yake ni mapengo matupu yanayoisukuma namba mpaka ukingo wa kulia, shilingi zikae chini ya shilingi na senti chini ya senti. Mapengo hayo hayaonekani, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Nilirudi ghalani siku ya pili na programu iliyotengemaa. Karani aliijaribu, akashuka kutoka 10 hadi 9 mara tatu kwa makusudi. Akaniomba jambo moja tu: kioo chake kimepasuka upande wa kushoto, namba anaiona kwa shida. Nikafungua programu, nikaihamisha namba kutoka nafasi ya 10 hadi ya 60.