Amri moja, rekodi milioni 200

Amri yenyewe ni mstari mmoja: namba zote za simu zinazoanza na 0 zianze na 255. Kwenye jedwali la majaribio lenye rekodi 10,000 inamalizika kabla hujashika kikombe. Ipeleke sasa kwenye jedwali halisi la rekodi milioni 200: chai itapoa, na diski itaanza kujaa.

Wengi hudhani PostgreSQL inafuta namba ya zamani na kuandika mpya palepale. Sivyo. Huandika nakala mpya ya rekodi nzima na kuiacha ya zamani ilipo, kwa ajili ya wanaosoma kupitia miamala iliyotangulia. Mfagiaji, yaani VACUUM, hawezi kuzizoa hizo za zamani mpaka amri ikamilike. Ndiyo maana amri moja kubwa yaweza kulifanya jedwali likaribie kuwa maradufu. Ikikatika njiani, kazi yote imepotea, takataka zimebaki.

Basi kata mafungu, tuseme rekodi 20,000 kwa kila muamala, ukifuata ufunguo msingi. Usitumie OFFSET: hiyo husoma kila ilichokwisha kukipita, ikakitupa, kila mara. Na weka sharti la kuziruka namba zilizo sahihi tayari, kwa kuwa PostgreSQL huandika nakala mpya hata thamani isipobadilika.

Mzigo mzito kuliko wote ni faharasa. Jedwali lenye faharasa sita hudai maingizo sita mapya kwa kila nakala, hata tano kati yake zikiwa hazihusiani na simu. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 kuna njia ya mkato, HOT: safu inayobadilishwa isipokuwa na faharasa, na ukurasa wa KB 8 ukiwa na nafasi, faharasa haziguswi. Bahati mbaya namba ya simu ndiyo watu wanayotafutia wateja, kwa hiyo ina faharasa. Ukipata usiku wa kusimamisha huduma, mimi ningeunda jedwali jipya, nijenge faharasa mwishoni, kisha nibadilishe majina; haki za watumiaji na funguo za nje utazirudisha mwenyewe.

Kwa mafungu, usimsubiri mfagiaji wa kujiendesha. Kwa kawaida huamka taka zikifika asilimia 20, yaani rekodi milioni 40 hapa. Mwite mwenyewe kila baada ya milioni kadhaa. Asipozoa kitu, tazama pg_stat_activity: huenda kuna mtu aliyefungua muamala asubuhi akaenda zake kula.