Nakala Iliyompindua Mshindi

Mwaka 1983 Valerie Belton na Tony Gear walichapisha makala fupi iliyozusha ubishi mkubwa katika taaluma ya kuamua kwa vigezo vingi. Silaha yao ilikuwa hesabu ya sehemu tu. Machaguo matatu, A, B na C, yalipimwa kwa vigezo vitatu vyenye uzito sawa, kwa njia ya Thomas Saaty. B likaongoza kwa 0.47, A likapata 0.45, na C 0.08. Kisha wakaongeza D, nakala ya B kwa kila hali. Safari hii A likaongoza kwa 0.37, huku B na D yakiambulia 0.29 kila moja.

Imekuwaje? Saaty alitaka alama za kila kigezo zijumlike kuwa 1. Katika kigezo cha kwanza B lilikuwa na 9, na A na C 1 kila moja. Fungu la B likawa 9 kwa 11. D lilipoingia na 9 zake, fungu hilo likashuka hadi 9 kwa 20. Katika kigezo cha pili A ndilo lililokuwa na 9, na fungu lake likapungua kidogo tu, kutoka 9 kwa 11 hadi 9 kwa 12. B liliumizwa na pacha wake.

Pigo hilo liliuma kwa sababu njia ya Saaty ilikuwa imependwa mno: unalinganisha mawili mawili kwa mizani ya 1 hadi 9, basi. Ralph Keeney na Howard Raiffa, katika kitabu chao cha 1976, walidai kazi nzito zaidi ya kupima manufaa. Naye Bernard Roy wa Ufaransa alikuwa amekataa kujumlisha tangu 1968: kwake chaguo hulishinda jingine likiungwa mkono na vigezo vya kutosha, pasipo kigezo kinachopinga vikali. Lakini hata njia za ukoo huo zilikuja kukutwa zikigeuza nafasi.

Belton na Gear walipendekeza alama zigawanywe kwa ile ya juu kabisa, si kwa jumla. Ukifanya hivyo, B linabaki mbele ya A, D liwepo lisiwepo. Saaty alibisha kwamba wakati mwingine nakala hupunguza thamani kwa haki, ila baadaye naye akaingiza mtindo unaofanana na huo.

Kwa hiyo ukiletewa jedwali la alama za zabuni, mwambie mtaalamu aondoe chaguo lililoshika mkia na apige hesabu upya. Mshindi akibadilika, usitie sahihi.