Ukingo si kando ya barabara

Katika taarifa za ajali, vyombo vyetu vya habari hutumia 'ukingo', 'kando' na 'barabarani' kana kwamba yote ni mamoja. Utasikia mtangazaji akisema kuwa mtu 'aligongwa kwenye ukingo wa barabara', kisha sentensi mbili baadaye mtu yuyo huyo alikuwa 'akitembea barabarani'. Alikuwa wapi hasa?

Ukingo ni mwisho wa kitu, pale kinapokomea: ukingo wa mto, wa shimo, wa meza. Neno hili lina uhusiano na kitenzi 'kinga', ndiyo maana hutumiwa pia kwa kitu kinachozuia au kusitiri. Kwa maoni yangu, hakuna jina linaloyafaa zaidi yale mawe yaliyoinuliwa, aghalabu yakapakwa rangi nyeusi na nyeupe, yanayotenga lami na njia ya waendao kwa miguu. Yanaonyesha lami inapokoma, na papo hapo yanamkinga mpita njia. Wingi wake ni 'kingo za barabara', si 'ukingo za barabara'.

Kando si mstari. Ni eneo lililo ubavuni mwa kitu. Abiria anayemwambia makanga 'nishukishe hapo kando' hataki kuachwa juu ya mawe yale. Anataka nafasi ya kusimama. (Hili la 'kando mwa barabara' nalo limezoeleka mno magazetini, ila mimi nashikilia 'kando ya'. 'Mwa' hufuata nomino iliyotiwa -ni: ukingoni mwa, pembeni mwa.)

Kuna watakaosema, aa, si yote yanaeleweka tu? Hayaeleweki. Waendao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwa wanaofariki katika ajali za magari nchini. Aliyegongwa barabarani huulizwa kwa nini hakutazama kabla ya kuvuka. Aliyegongwa kando ya barabara hana la kuulizwa. Gari ndilo lililoparamia ukingo likamfuata alikokuwa. Mwandishi anayeandika 'aligongwa barabarani' kuhusu mtu aliyekuwa kando amekwisha kumhukumu marehemu, na dereva akapona kwa neno moja.

Na pale ambapo barabara haina ukingo, kama zilivyo nyingi mashinani, iandikwe hivyo hivyo: haina ukingo.