"Ndugu Yangu" na "Ndugu Zangu": Idadi Isipotee Ofisini

Kiingereza kina fumbo linalowasumbua wanafunzi wetu. "Boys", "boy's" na "boys'" huandikwa kwa namna tatu, lakini sikio husikia sauti moja tu. Wingi na umilikaji hutengwa na ritifaa, nayo haitamkwi.

Kiswahili sanifu kina njia nyepesi ya kuepuka utata wa namna hiyo. Jina "ndugu" halibadiliki katika wingi. Kinachobadilika ni kivumishi cha kumiliki. "Ndugu yangu" ni mmoja, "ndugu zangu" ni wengi. Kadhalika "nduguye" na "nduguze". Kwa wanyama, "ng'ombe wangu" ni mmoja, "ng'ombe zangu" ni wengi. E. O. Ashton alikwisha kuieleza kanuni hii katika sarufi yake ya mwaka 1944.

Hapa Themi, na kwingi katika bara, husikika "ndugu wangu" na "ng'ombe wangu", awe mmoja au wawe wengi. Wasemaji hufuata mfano wa "mtoto wangu" na "watoto wangu". Lakini "mtoto" ana kiambishi awali kinachotaja idadi, "ndugu" hana. Katika mazungumzo hasara ni ndogo, kwa kuwa kitenzi hutuokoa: "amekuja" au "wamekuja".

Hatari imo katika istilahi na fomu, ambazo aghalabu hazina kitenzi. Fomu moja ya mirathi niliyopewa kuihakiki ilikuwa na kichwa "Ndugu wake marehemu", kisha nafasi tupu. Aliyeijaza aliandika jina la kaka mkubwa peke yake. Dada wawili wakaachwa nje. Hakudanganya. Alijibu swali kama alivyolielewa, na kosa lilikuwa la mwandishi wa fomu.

Kwa hiyo yafaa ofisi ziandike "ndugu yake marehemu" zikitaka mmoja, na "ndugu zake marehemu" zikitaka wote. Walimu nao wasiifundishe kanuni hii kama pambo la watu wa pwani, bali kama chombo cha kuhesabia. Na mkalimani anayesikia habari za shamba la "brother's" au "brothers'" hana budi kuuliza ni ndugu wangapi, maana ritifaa haisikiki. Akishajibiwa, Kiswahili kinampa y na z za kulihifadhia jibu hilo. Akisema "ndugu wangu", atakuwa ameuliza bure.